Barua ya wazi kwa mnaosimamia hela: mkopo umekuwa mshahara wa pili na nyie mnapiga makofi

Shikamooni wakubwa.

Barua hii ni ya magavana wa benki kuu, mawaziri wa fedha, wabunge mnaopitisha sheria za mikopo na mabosi wa zile mamlaka zinazogawa leseni kwa wakopeshaji. Sitaji nchi kwa makusudi, maana hii habari ukibadilisha jina la sarafu tu inabaki ile ile kila mahali. Mimi sina cheo wala digrii ya uchumi, nalipa marejesho tu kama mamilioni ya wengine, na nimeandika nikiwa na hasira kidogo kwahiyo mtanivumilia pale lugha itakapopinda.

Kila ukifika msimu wa hotuba mnatusomea takwimu. Waliofikiwa na mikopo wameongezeka, akaunti mpya zimefunguliwa, mikopo ya simu imepanda, alafu makofi. Mmeipa na jina zuri, ujumuishi wa kifedha. Mimi nina swali moja ambalo sijawahi kulisikia humo: hao waliofikiwa, hela walienda kufanyia nini? Kwasababu aliyekopa akanunua mashine ya kazi na aliyekopa kununua dawa ya mtoto, kwenye takwimu zenu wote ni wateja na wote ni maendeleo, wakati mmoja amepata kitu kitakachomlipia deni lake na mwingine kapata siku chache za kupumua, alafu tatizo linarudi likiwa na riba juu yake.

Sijasema mkopo ni dhambi. Bila mkopo nyumba nyingi duniani zisingejengwa, mkulima asingepata mbegu kabla ya mavuno na biashara nyingi zisingefungua mlango. Kukopa ni kuivuta hela ya kesho uitumie leo, na kama leo unaitumia kwa kitu kitakachoikuza hiyo kesho basi umetumia akili. Tatizo ni kwamba mikopo mingi ya siku hizi haifanyi hivo, inaziba pengo. Mshahara umeisha katikati ya mwezi, pengo. Ada ya shule, pengo. Mtu kaugua, pengo. Kodi ya nyumba imepanda mshahara umekaa palepale, pengo. Na mkopo ukishaziba la mwezi huu unafungua la mwezi ujao kubwa kidogo kuliko la kwanza maana sasa kuna riba, kwahiyo mwezi ujao unakopa tena na unaongeza kidogo, na ndo hivo mtu anafika mahali anakopa huku kulipa kule, ana programu tano za mikopo kwenye simu na hajanunua hata kijiko. Mshahara wake ni ule ule usiotosha, tofauti ni kwamba sasa kuna mtu wa tatu anautoza ada kila mwezi.

Hebu tupige hesabu, najua nyie mnaijua ila kuna wanaosoma pembeni. Programu inakwambia mkopo wa 100, ada asilimia 10, siku 30. Inasikika rahisi. Lakini ada inakatwa mwanzoni, kwahiyo mkononi inakuja 90 na unarudisha 100, yani umelipa 10 kwa kutumia 90, ambayo ni zaidi ya asilimia 11 kwa mwezi. Kwa mwaka, hata ukiacha riba juu ya riba, ni zaidi ya asilimia 130. Hakuna benki ingethubutu kuandika 130 kwenye bango ikaweka pembeni picha ya familia inacheka. Na hiyo ni ya siku 30, ya wiki moja ndo usiseme. Uingereza kulikuwa na kampuni inaitwa Wonga, mikopo yake ukiipiga kwa mwaka riba ilizidi asilimia 5,000, elfu tano sijakosea sifuri, na kwa miaka kadhaa ilikuwa biashara halali yenye leseni na matangazo kwenye televisheni.

Kadi za mkopo nazo ni wale wale ila wamevaa suti. Chukua deni la 1,000 kwenye kadi, riba asilimia 2 kwa mwezi, na malipo ya chini ni asilimia 2.5 ya deni lililopo. Mtu analipa hicho kiwango cha chini kila mwezi hakosi hata mmoja, wala hatumii tena kadi hata senti, mteja ambaye kila benki ingempenda. Baada ya miaka kumi anadaiwa ngapi? Zaidi ya 500. Miaka kumi ya kulipa bila kuchelewa na nusu ya deni bado ipo, nyingi ya hela aliyotoa imeishia kwenye riba. Mwenye kikokotoo kwenye simu ajaribu mwenyewe. Marekani baada ya sheria ya kadi ya mwaka 2009 taarifa ya kila mwezi lazima imwambie mteja kwamba ukilipa kiwango cha chini tu utamaliza baada ya muda gani na jumla itakuwa ngapi. Ni mistari michache kwenye karatasi, na ilibidi itungwe sheria ndo waiandike.

Sasa mtu atasema huo ndo ulimwengu wa kisasa, watu wamebadilika, wanapenda maisha ya haraka. Hapana wakubwa. Haya yana tarehe na yana saini. Mwaka 1958 Bank of America ilituma kadi kama 60,000 kwa posta kwa wakazi wa Fresno, California, watu hawakuomba, wamefungua bahasha wakakuta mkopo ndani. Hiyo kadi ndo baadae ikaja kuitwa Visa. Hata hivo enzi hizo majimbo mengi ya Marekani yalikuwa na kikomo cha riba, mkopeshaji akizidisha kavunja sheria. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya huko ikaamua, kwenye kesi inayojulikana kama Marquette, kwamba benki inaweza kumtoza mteja wa jimbo lingine riba inayoruhusiwa kule benki ilikosajiliwa. Wanasheria wa mabenki wakaelewa siku hiyo hiyo. Mwaka 1980 South Dakota ikafuta kikomo chake, Citibank wakahamishia huko biashara yao ya kadi, Delaware nayo ikafungua milango, na kuanzia hapo kikomo cha jimbo lako kwenye kadi kikawa mapambo. Mwananchi wa kawaida hakupiga kura kwenye jambo hilo. Alichoona yeye ni kadi zimekuwa nyingi na ghali.

Mfano unaoniuma zaidi ni Korea Kusini. Baada ya mgogoro wa fedha wa 1997 serikali ilitaka watu watumie hela ili uchumi uamke, na ilitaka mauzo yapite kwenye kadi ili wafanyabiashara wasikwepe kodi, ikatoa punguzo la kodi kwa wanaonunua kwa kadi na hata bahati nasibu kwa risiti za kadi. Kampuni zikagawa kadi kwa kila anayepita. Ilipofika 2003 mamilioni ya watu walikuwa wameshindwa kulipa, na LG Card, kampuni kubwa kuliko zote za kadi nchini humo, ikabidi iokolewe. Alafu ikaanza ile lawama tunayoijua, kwamba watu hawana nidhamu ya matumizi. Mimi ninavyoona walikuwa na nidhamu kubwa mno, serikali ilisema tumieni kadi wakatumia.

Ndo maana nikisikia wimbo wenu wa elimu ya fedha nachoka. Sio kwamba elimu ni mbaya, watu wafundishwe, na mimi hiyo hesabu ya 90 na 100 ningependa kila mtoto aijue kabla hajamaliza shule. Lakini bajeti huwezi kuipanga mpaka ikazidi kipato. Mwenye kipato cha 80 na mahitaji ya lazima ya 100 unaweza kumpeleka semina mpaka mwaka uishe, akitoka atakuwa anajua vizuri sana kwamba anapungukiwa 20. Na kama elimu ingekuwa ndo dawa basi mgogoro wa fedha wa mwaka 2008 usingetokea. Wale wa mabenki ya Marekani walikuwa na wachumi wenye shahada za uzamivu, wana kompyuta, wana wakaguzi, na bado walikopesha nyumba kwa watu waliojua hawataweza kulipa, wakayafunga yale madeni kwenye mafurushi wakauziana wao kwa wao, mpaka benki kubwa ya Lehman Brothers ikaanguka tarehe 15 Septemba 2008. Hakuna aliyewapeleka semina. Wiki chache baadae bunge la Marekani likaidhinisha dola bilioni 700 za kuokoa sekta ya fedha. Sisi tukishindwa kulipa tunaambiwa dawa ya deni kulipa, wenzetu walipatiwa dawa nyingine.

(Na kuna hili la alama za mkopo, nalipitia haraka tu. Marekani wana FICO tangu 1989 na sasa dunia nzima inaiga. Anayekopa na kulipa anapata alama nzuri, asiyekopa kabisa hana alama, kwahiyo aliyeishi bila deni maisha yake yote akienda kuomba mkopo wa nyumba anaonekana wa mashaka kuliko mwenye kadi nne. Eti lazima udaiwe kwanza ndo uaminike. Hili nalo mlikubali likapita hivi hivi.)

Babu zetu wa zamani sana walikuwa na akili kwenye hili na inanishangaza tumefikaje hapa. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, zina karibu miaka 3,800. Sheria ya 48 inasema mtu akiwa na deni na tufani likaharibu shamba lake, au mazao yakakosa maji, mwaka huo hampi mdai nafaka na riba ya mwaka huo halipi. Sheria ya 117 inasema aliyemtoa mke au mtoto akatumikie deni, watatumika miaka mitatu na wa nne wanaachiwa huru. Ukatili ulikuwepo, sikatai, lakini ona wazo lililomo: mkopeshaji naye anabeba sehemu ya hatari, mvua isiponyesha haimpigi mkulima peke yake. Athene kwenye miaka ya 590 kabla ya Kristo, Solon alifuta madeni yaliyokuwa yanawageuza raia watumwa na akapiga marufuku mtu kuweka mwili wake rehani. Kumbukumbu la Torati sura ya 15 inaagiza maachilio ya madeni kila mwisho wa mwaka wa saba. Qur'ani, Al-Baqara aya ya 280, inasema mdaiwa akiwa na dhiki apewe muda mpaka afarijike, na ukimsamehe ni bora kwako. Wengi wenu huwa mnaapa kwa kushika kimoja kati ya vitabu hivi viwili.

Sasa linganisha na mkopo wa simu leo. Umeugua, umefukuzwa kazi, mafuriko yamebeba duka lako, programu haijui na haitaki kujua. Siku ya 30 saa sita usiku faini inaanza kuhesabu.

Na kudai kwenyewe kulivyo. Kuna watu wanaiita mikopo ya aina hii kausha damu na jina hilo halikutoka kwa mpinzani wa serikali, limetoka kwa waliokaushwa. Unapakua programu, inakuomba ruhusa ya kusoma namba zote kwenye simu yako, unakubali maana ukikataa mkopo hautoki. Ukichelewa siku mbili meseji zinaenda kwa mama mkwe, kwa bosi wako, kwa mtu mliyeachana zamani, kwa fundi uliyempigia mara moja, kwamba fulani ni tapeli mwambieni alipe. Kuna watu wamepoteza kazi na ndoa kwa deni ambalo lisingenunua hata pea moja ya viatu. Hao wanaotumiwa meseji hawajakopa chochote na hawajasaini popote. Hii ni uvunjaji wa faragha wa wazi kabisa na hauhitaji hata uchumi kuuelewa, unahitaji mtu mmoja ofisini kwenu afungue faili.

Alafu kuna jela. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 11, unasema hakuna mtu atakayefungwa kwasababu tu hawezi kutimiza wajibu wa kimkataba, ambao nchi zenu nyingi zimeuridhia. Uingereza ilishaanza kufuta vifungo vya deni kwa sheria ya mwaka 1869. Lakini milango ya nyuma ipo, mtu hafungwi kwa deni, anafungwa kwa kudharau amri ya mahakama iliyomtaka alipe deni. Sijui nani mnadhani anadanganyika hapo.

Kuna jingine wengi hawalijui. Deni lako ukishindwa kulilipa mkopeshaji mara nyingi analiuza, na analiuza kwa bei ya kutupa. Mwaka 2012 Marekani kikundi cha wanaharakati kilianzisha kampeni ya Rolling Jubilee, wakachangisha hela, wakaingia kwenye soko hilo hilo la wakusanya madeni na kununua madeni ya watu, yakiwemo ya hospitali, alafu wakayafuta. Kwa hela isiyofika dola milioni 1 walifuta madeni ya zaidi ya dola milioni 30. Fikiria maana yake. Yule anayekupigia simu saa kumi na moja alfajiri akidai 100 inawezekana alilinunua kwa 3 au 4, na aliyemuuzia alishakubali hasara yake zamani akaendelea na maisha. Wewe ndo mtu pekee kwenye mnyororo mzima ambaye hukupewa nafasi ya kulinunua deni lako kwa bei hiyo. Kwanini sheria isiseme deni kabla halijauzwa kwa mwingine lazima mdaiwa apewe kwanza bei ile ile? Nimelifikiria sana hili na bado sijaona anayeumia, labda dalali.

Najua mtanijibu kwamba mkiweka kikomo cha riba wakopeshaji watakimbia na masikini wataenda kwa wakopeshaji wa kichochoroni. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake na sitaki kuipuuza. Kenya mwaka 2016 waliweka kikomo, riba isizidi kiwango cha benki kuu kwa zaidi ya pointi 4, mabenki yakapunguza kukopesha watu wadogo yakaenda kukopesha serikali ambako hakuna presha, na 2019 kikomo kikaondolewa. Kikomo kilichowekwa peke yake bila kitu kingine kinaweza kweli kumsukuma mtu kwenye kichochoro. Ila msiutumie mfano mmoja kama kufuli.

Angalieni Japani. Kule walikuwa na kampuni za mikopo ya watu binafsi zinatoza mpaka asilimia 29.2, watu wakazama, wengine wakajiua. Mwaka 2006 wakabadilisha sheria, ikaanza kazi kikamilifu Juni 2010: riba isizidi asilimia 20, na jumla ya unachokopa kwenye kampuni hizo zote isizidi theluthi moja ya kipato chako cha mwaka. Hiyo ya theluthi ndo imenivutia, maana inamzuia mtu wa tano asikukopeshe wakati wanne tayari wanakudai, na inamlazimisha mkopeshaji akague kwanza. Walifanya kosa la kuyaacha mabenki nje ya kikomo hicho na mikopo ya kadi za mabenki ikapanda miaka iliyofuata, kwahiyo mkiiga igeni na funzo lake. Uingereza nao Januari 2015 waliweka sheria kwenye mikopo ya muda mfupi: gharama isizidi asilimia 0.8 kwa siku, na kwa hali yoyote mkopaji asilipe jumla zaidi ya mara mbili ya alichokopa. Wale Wonga wakaanguka Agosti 2018, madai ya fidia ya wateja wa zamani yakiwa yamewaelemea. Sijasikia kwamba Uingereza uchumi ulisimama.

Na hiyo ya mara mbili wala sio ugunduzi. Ilikuwepo kwenye sheria za Kirumi, kwamba riba ikifikia kiasi cha mkopo wenyewe inasimama. Afrika Kusini wanayo kwenye sheria yao ya mikopo ya 2005, ambayo pia inaruhusu mahakama kuuweka pembeni mkopo uliotolewa kizembe, yani aliyekukopesha bila kuangalia kama utaweza kulipa anaweza kuikosa hela yake. Kenya wanayo kwenye sheria ya mabenki, ila wakopeshaji wa kwenye simu kwa miaka walikuwa wanaelea nje ya mabenki, mpaka sheria ya mwisho wa 2021 na kanuni za Machi 2022 zilipowaweka chini ya benki kuu na kuwakataza vitisho, matusi na kuwapigia watu walio kwenye simu ya mteja. Kwahiyo vifaa vipo, vingine viko kwenye makabati yenu, vimeandikwa na kupigwa mhuri, kilichobaki ni kuvipeleka kule ambako mikopo imehamia. Maana wao wanahama haraka. Mkiwabana kwenye riba wataiita ada, mkibana ada wataiita bima, mkibana bima itakuwa nunua sasa lipa baadae na watakwambia sisi hatukopeshi sisi tunagawanya malipo. Andikeni sheria inayohesabu kila senti inayomtoka mkopaji juu ya alichopokea, iitwe jina lolote.

Kamari naitaja kwa sentensi moja tu: simu ile ile, dakika ile ile, mtu anakopa kwenye programu hii na kuweka dau kwenye ile, na leseni zote mbili mmezitoa nyie.

Nimebakiza lile ambalo pengine hamtalipenda. Umoja wa Mataifa kupitia UNCTAD, chombo chao cha biashara na maendeleo, walisema kwenye ripoti yao ya 2023 kwamba watu bilioni 3.3 wanaishi kwenye nchi zinazotumia hela nyingi kulipa riba ya madeni kuliko zinazotumia kwenye elimu au kwenye afya. Nyie wenyewe mko kwenye kausha damu. Na mnapobanwa huko juu mnakata huku chini, dawa hakuna hospitali, shule inachangisha wazazi, na mzazi hela ya mchango anaitoa wapi? Kwenye simu, asilimia 11 kwa mwezi. Kwahiyo serikali ilikopa kwa riba ya tarakimu moja au mbili kwa mwaka, deni likashuka mpaka kwa raia na lilipofika kwake lilikuwa limepanda bei mara kumi. Hamlihesabu kwenye deni la taifa maana halikusainiwa na waziri.

Mlipolialia kwa wadai wenu mlisikilizwa, taratibu ila mlisikilizwa. Mwaka 1996 IMF na Benki ya Dunia zilianzisha mpango wa HIPC kwa nchi masikini zenye madeni makubwa, na ulianza kwa kukubali kwamba kuna deni ambalo halilipiki na kumkamua mdaiwa hakuongezi kitu. Raia naye anahitaji mlango wa namna hiyo. Uingereza tangu Mei 2021 mtu aliyezidiwa na madeni anaweza kuomba kupumua siku 60, riba na faini nyingi zinasimama, wadai hawaruhusiwi kumsumbua, na mshauri anakaa nae kupanga atalipaje. Ni siku 60 tu. Nyie mlipewa miaka.

Na kama yote hayo ni mazito, yanahitaji kamati na maoni ya wadau na safari za mafunzo, kuna moja halihitaji chochote. Lipeni mnachodaiwa. Mwenye kampuni ndogo aliyewasambazia madawati miezi mingi iliyopita hajalipwa, na yeye hajawalipa vibarua wake, na kibarua wake ndo yule mliyemsoma kwenye hotuba kama mteja mpya wa mkopo wa simu. Mwalimu ambaye malimbikizo yake hayajatoka anakopa akisubiri haki yake mwenyewe, analipa riba kwa kusubiri hela yake. Umoja wa Ulaya wana agizo la mwaka 2011 linalotaka taasisi za umma zilipe ankara ndani ya siku 30, hospitali zikiruhusiwa kufika 60, na zikichelewa zinalipa riba ya angalau pointi 8 juu ya riba ya benki kuu yao. Na huko nako wanachelewesha, ila aliyecheleweshwa ana sheria mkononi na ana riba ya kudai.

Basi tuwekeeni na sisi hiyo. Ankara ya serikali ikipita siku 30 iingie riba, na kiwango chake kiwe kile kile mlichowaruhusu watu wa programu za simu kututoza sisi. Mkiona ni kikubwa sana kwenu kitajeni kinachofaa, alafu na sisi tutozwe hicho hicho.